Siku Madam alipoisimamisha debate kwa ajili ya "on the other hand"

Kama umesoma sekondari Tanzania hii "on the other hand" utakuwa unaijua, ndo ilikuwa ya kuonyesha kwamba kingereza cha fulani kimepanda, ukiiweka kwenye essay ya General Studies unajiona umemaliza, ukiitamka kwenye debate watu wanageuka kukuangalia. Shida ni kwamba wengi waliibeba tu bila kujua inafanya kazi gani kwenye sentensi. Mi nakumbuka kabisa siku iliponiingia na yule madam namshukuru mpaka leo.

Ilikuwa 2011, niko form five, HKL (History, Kiswahili na English), shule moja ya bweni Mbeya. Debate ilikuwa Ijumaa mchana bwaloni na siku hiyo mada ilikuwa "railway transport is better than road transport", PCM, wale wa Physics, Chemistry na Maths, wanaunga mkono, sisi HKL tunapinga. Sikuwa msemaji, nilikuwa katibu, kazi yangu kuandika kila kinachosemwa kwenye kaunta buku, ndo maana hii siku ninayo mpaka na sentensi zake.

Sasa kwa Mbeya mada kama hiyo haiwezi kupoa. Barabara kuu ya kwenda Zambia inakatiza mjini, TAZARA nayo, reli ya Tanzania na Zambia, stesheni yake iko pale Iyunga, kila mtu ana njia yake ya kwenda nyumbani na anaitetea. Msemaji wa kwanza wa PCM alikuwa jamaa mmoja mrefu, baba yake alikuwa fundi wa reli, kwahiyo yeye hakuja kushindana tu, alikuja kutetea kitu cha kwao. Akaanza na honourable chairperson, timekeeper, fellow students, afu akatiririka, reli ina kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka New Kapiri Mposhi, imejengwa kuanzia 1970 hadi 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, kwasababu Zambia ilikuwa inatafuta njia ya kutoa shaba yake bila kupita kwa walowezi wa Rhodesia. Bwalo kimya, hata sisi wapinzani tulikuwa tunasikiliza.

Afu akageukia mabasi. Niliandika hivi: "Buses cause many accidents. On the other hand, buses are full of thieves. On the other hand, the bus fare is very high."

Dada mmoja wa kwetu akaruka, point of order! Akasema mwenyekiti, hayo yote matatu ni mabaya ya basi, hiyo on the other hand inatafuta nini hapo katikati? Jamaa akakasirika, PCM wakaanza kuzomea, HKL tukajibu, mwenyekiti anagonga meza hakuna anayemsikia. Madam wetu wa kingereza alikuwa nyuma kabisa anasahihisha madaftari, akainuka, na hiki nilikipenda, akamuomba ruhusa mwenyekiti kwanza ambaye ni mwanafunzi wake, ndo akaenda ubaoni.

Akaandika: "The bus is fast. On the other hand, it is expensive." Akatuuliza, hapa nimefanya nini? Hakuna aliyejibu. Akasema tunaongelea basi hilohilo, nimekupa jema lake, nimegeuka nimekupa baya lake, swali ni moja tu, nipande au nisipande. Ukiniambia ajali, ukaniambia wezi, ukaniambia nauli, hujageuka popote, unaongeza mzigo upande uleule, hapo sema moreover au besides.

Chini yake akaandika nyingine: "The bus is fast. The train, on the other hand, is cheap." Mkato wa kwanza na mkato wa pili akavikoleza kwa chaki nyekundu, akasema ukiiweka baada ya train lazima uifunge mikato huku na huku, na ikikaa hapo inamnyooshea kidole treni, msikilizaji anajua sasa tumehama kutoka kwa basi. Akasema pia mkato peke yake hauwezi kubeba hizo sentensi mbili, kabla ya treni weka nukta au nukta mkato. Kuna mtu akauliza, madam, kwani si lazima ianze on the one hand? Akajibu si lazima mwanangu, wengi wanaiacha na hakuna kosa, ila ukishaanza na on the one hand mtu anakaa anaisubiri ya pili, usije ukaishia njiani.

Afu akamgeukia jamaa wa PCM, akamwambia rudia hoja yako.

Hapo ndo palikuwa pagumu, kwasababu ili aitumie vizuri ilibidi aseme jema la basi mbele ya wapinzani wake. Wenzake wanamnong'oneza usiyasifie mabasi, usikubali! Akasimama anauangalia ubao, kama anapima hivi, afu akasema taratibu: "The bus will take you to Dar in one day, I agree. The train, on the other hand, will take you and your mother's ten bags of rice."

Kelele zilizopigwa mle bwaloni mi sijawahi kuzisikia tena. Hata sisi HKL tulipiga makofi, maana nusu ya watu pale kwao wanalima mchele, Kyela au Usangu huko, kila mtu aliliona gunia la kwao. Yaani hoja ilikuwa na nguvu kuliko zile tatu za mwanzo zote, kwasababu alimpa basi haki yake kwanza na ukishamsikia mtu amekubali la kweli hata la pili unaliamini. Hiki ndo ninachokipenda kwenye haya maneno, hayakuruhusu upite bila kuangalia upande wa pili.

Debate ikaendelea. Msemaji wetu wa tatu akasema "my opponent says roads destroy our economy. On the other hand, they build it." Madam akasema kutokea kulekule nyuma, hapo ni on the contrary. Akatupa kipimo ambacho natumia mpaka leo, kama sentensi zote mbili zinaweza kuwa kweli kwa pamoja weka on the other hand, kama ya pili inaikataa ya kwanza weka on the contrary. Basi lina kasi na treni ni rahisi, yote kweli. Barabara zinaua uchumi na barabara zinajenga uchumi, hapo mmoja amekosea.

Kura zikapigwa, barabara ikashinda. Jamaa wa PCM hakujali hata, alinikuta nakusanya vitu na madam yuko pembeni, akamuuliza, je nikitaka vyote viwili ndani ya sentensi moja bila nukta? Madam akachukua kaunta buku yangu akamwandikia kwenye ukurasa wa mwisho: "The road climbs Kitonga, whereas the railway goes through Mlimba." Jamaa akaikopi, akauliza kama whereas inaweza kuanza mbele, madam akavuta kiti akakaa.