Siku moja maishani mwangu: mstari ulioshuka

Saa 1:30 asubuhi. Kabla ya kuwasha kompyuta nafunga mlango. Mimi ni mchambuzi wa data katika ulinzi wa watoto, na jambo la kwanza nililofundishwa ni kwamba jina la mtoto haonyeshwi mtu asiye na sababu ya kuliona, hata mimi mwenyewe. Majina hukaa kwenye faili jingine lenye funguo zake. Kwangu zinakuja namba tu: umri, jinsia, tarehe, aina ya ukatili, aliyetoa taarifa, hatua iliyochukuliwa. Watu wakisikia kazi yangu hudhani nashinda nikifuta machozi. Muda mwingi nashinda nikifuta nafasi zilizozidi kwenye majedwali.

Saa 2. Kuondoa taarifa zilizojirudia. Mtoto mmoja anaweza kuingia mara tatu, kupitia hospitali, polisi na ustawi wa jamii, kila ofisi na tarehe yake ya kuzaliwa. Nisipoziunganisha, mtoto mmoja anakuwa watatu. Nikiunganisha zisizohusiana, mtoto wa pili anapotea kabisa, na hakuna atakayemtafuta kwa sababu kwenye mfumo kesi yake "imeshughulikiwa". Kompyuta hupendekeza jozi, lakini uamuzi unabaki kwangu. Ndiyo maana taarifa zisizo na jina la mtoaji hunikera: sina pa kushika. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Saa 4. Kikao. Naonyesha grafu na mstari wa taarifa umeshuka mwezi wa pili mfululizo. Mkuu wangu anatabasamu. "Kazi yenu inaanza kuonekana," anasema, na wenzangu wawili wanaandika maneno hayo kwenye madaftari yao.

Mimi siandiki. Mstari ule hauhesabu ukatili, unahesabu watu waliothubutu kusema. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, taarifa za ukatili dhidi ya watoto zilishuka sana katika majimbo mengi ya Marekani. Majumbani hakukuwa kumetulia. Walimu, ambao ni miongoni mwa watoa taarifa wakubwa, walikuwa hawawaoni tena watoto. Na ukitaka kujua pengo lilivyo kubwa, tazama tafiti zinazowauliza vijana wa miaka 13 hadi 24 wenyewe, faraghani, kama zile zilizoanzia Swaziland (sasa Eswatini) mwaka 2007. Ya Tanzania ya 2009 ilikuta karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7 hivi, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Hakuna rejista ya ofisi yoyote inayokaribia hapo.

Naomba nipewe hadi jioni kabla grafu haijapelekwa juu.

Saa 6. Naupasua mstari kwa watoa taarifa. Hospitali, vilevile. Majirani, vilevile. Laini ya simu ya msaada, imepanda kidogo. Walimu, karibu sifuri. Naangalia kalenda: shule ziko wazi.

Saa 7. Simu kutoka kwa afisa ustawi wa jamii. "Kaka, nipe alama ya huyu mtoto. Yale maswali kumi ya maumivu ya utotoni, amepata sita. Ana hatari kiasi gani?" Namwelewa, ana mafaili mengi na siku ina saa zilezile. Lakini namkatalia. Utafiti wa madaktari Felitti na Anda wa 1998, ambao alama hiyo ilitokana nao, uliofanywa San Diego, Marekani, kwa watu wazima zaidi ya 9,000, ulionyesha kuwa waliopitia aina nne au zaidi za maumivu ya utotoni walikuwa na hatari mara 4 hadi 12 ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua, wakilinganishwa na wasiopitia hata moja. Huo ni ukweli wa umati. Haukuambii mtoto huyu mmoja atakuwaje. Hausemi yaliyompata yalirudiwa mara ngapi, wala kama kuna shangazi anayemsikiliza. Mwaka 2020 Anda mwenyewe na wenzake waliandika kuonya dhidi ya kuitumia alama hiyo kumpima mtu mmoja mmoja. "Basi nifanye nini?" ananiuliza dada yangu huyu. Namwambia nenda ukamwone leo, namba itakusubiri. Anacheka, ila si kwa furaha.

Saa 9. Namtafuta mwalimu mmoja aliyekuwa akituletea taarifa nyingi. Anajibu kwa sauti ya chini, nadhani yuko kwenye korido. "Fomu yenu mpya inataka jina langu kamili na namba ya simu, bila hivyo haiendi. Baba wa mtoto ninapishana naye njiani kila siku. Nimeijaza mara mbili, nikaifunga."

Nakaa kimya. Kile kisanduku cha lazima, chenye nyota nyekundu, nilikiomba mimi. Niliandika hata maelezo ya kukitetea: kitapunguza taarifa zilizojirudia. Kweli zimepungua.

Saa 10. Nampelekea mkuu grafu mbili, ya zamani na iliyopasuliwa, pamoja na tarehe fomu ilipobadilika. Anazitazama muda mrefu. Haulizi nani aliomba mabadiliko, namwambia mwenyewe. "Ondoa," anasema, "halafu wapigie walimu."

Saa 11:40 jioni. Nyota nyekundu imeondoka. Nimeongeza sentensi moja juu ya fomu: unaweza kutoa taarifa bila kutaja jina lako. Nafunga kompyuta, nachukua funguo, kisha naiwasha tena. Kuna taarifa moja mpya, haina jina la mtoaji, na yaelekea mtoto anayetajwa yumo tayari kwenye mfumo. Nitaiunganisha kesho. Kwa leo naipitisha kwa afisa wa zamu kama ilivyo.