Shingo ya mbuzi na neno "uti wa mgongo"

Jumamosi iliyopita nilimwomba muuza nyama asinikatekatie shingo ya mbuzi niliyoinunua, akanitazama kwa mshangao, maana shingo nzima haikai vizuri sufuriani. Sikumweleza kwamba haikuwa ya supu, angalau si kwa saa ya kwanza. Binti wa kaka yangu, aliye mwaka wa kwanza katika chuo cha uuguzi, alikuwa amenipigia simu mara mbili juma hilo akilalamika kwamba zile tando tatu zinazofunika ugwe wa mgongo zinamchanganya, nami, ambaye kwa miaka 19 kazi yangu ni kutoa dawa za usingizi na ganzi, siamini sana michoro. Mchoro huzionyesha tando zote kwa unene mmoja na rangi za kupendeza. Mkasi hausemi hivyo.

Lawama ya kwanza, hata hivyo, naiweka kwenye neno. Tunaposema uti wa mgongo tunakusudia safu ya mifupa inayotusimamisha, tena tunakusudia ile kamba laini ya fahamu inayopita ndani ya mifupa hiyo, na tunapotaja homa ya uti wa mgongo tunakusudia jambo la tatu kabisa, kwa sababu kinachovimba katika ugonjwa huo ni tando zinazofunika ubongo pamoja na kamba hiyo, wala si mifupa. Baadhi ya vitabu huitenga ile kamba kwa kuiita ugwe, na nitalifuata jina hilo hapa, ingawa wodini sijalisikia hata mara moja. Wodini ni "uti" tu, na mama anayeambiwa kwamba atachomwa sindano ya uti wa mgongo kabla ya kufanyiwa upasuaji wa kujifungua huelewa, na ana haki ya kuelewa hivyo, kwamba sindano itaingia kwenye uti wenyewe.

Mezani, basi. Mbuzi ana pingili 7 za shingo, kama sisi na kama twiga. Kwa msumeno mdogo nilikata upande wa mgongoni, kushoto na kulia, kisha nikang'oa paa la mfereji pingili baada ya pingili, kazi iliyochukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia na kuharibu kitambaa cha meza. Kitu cha kwanza kuonekana hakikuwa ugwe, bali mafuta laini yaliyochanganyika na vena nyembamba zilizojaa damu nyeusi. Hiyo ndiyo nafasi ya epidurali, yaani iliyo nje ya dura (utando wa kwanza kati ya zile tatu), ambamo hupitishwa mrija mwembamba wa ganzi kwa mama anayetaka kupunguziwa uchungu wa kujifungua. Nilipoyafuta mafuta kwa pamba, ukatokea mrija mweupe unaong'aa.

"Shangazi, kumbe uboho ni mgumu hivi?"

Nikamwambia auguse tena. Uboho umo ndani ya mfupa wenyewe, ilhali huu mrija umelala kwenye mfereji, na ugumu aliousikia si wa ugwe, ni wa dura, utando wa nje, ambao nyuzi zake nyingi zimelazwa kwa urefu, ndiyo maana mkasi ukielekezwa kwa urefu hupita kwa urahisi kuliko ukielekezwa kwa upana. Tulipoupasua, chini yake tukakuta utando wa pili, araknoidi, mwembamba na wa kupenyeka mwanga, ambao katika mwili ulio hai husukumwa na maji yanayouzunguka ugwe hadi ukagusana na dura, lakini kwa mnyama aliyechinjwa maji huwa yameshavuja nao hubaki umenywea. Jina lake la Kigiriki linatokana na buibui. Hapo Kiswahili kimetupatia kwa bahati neno lililo zuri zaidi, kwa sababu utando ni huo wa mwilini na utando ni huo huo anaoufuma buibui pembeni mwa dari. Ukiuinua kwa kibanio utaona vijinyuzi vilivyonyooka kutoka kwake kwenda chini, na hutahitaji kuambiwa tena sababu ya jina.

Utando wa tatu ni pia, na hapa mwanafunzi yeyote anayezungumza Kiswahili hucheka kidogo, kwani anasoma "dura, araknoidi, pia" akidhani orodha inaendelea. Maneno hayo yana safari ndefu. Ali ibn al-Abbas al-Majusi, tabibu Mwajemi wa karne ya 10, aliandika kwa Kiarabu kuhusu tando za ubongo akizitaja kwa neno umm, yaani mama, mmoja mnene na mwingine mwembamba. Stephen wa Antiokia alipokitafsiri kitabu hicho kwa Kilatini mwaka 1127, zikawa dura mater, "mama mgumu", na pia mater, "mama mpole". Huyu mpole amegandamana na ugwe kiasi kwamba huwezi kumbandua bila kuuchana. Unafanana na ule utando unaobaki juu ya yai lililochemshwa baada ya kubambua ganda. Kutoka pembeni mwa ugwe, utando huu wa pia hutoa vijino vidogo vinavyoshikamana na dura kushoto na kulia, jozi 21 kwa binadamu, ili ugwe uning'inie katikati ya maji badala ya kugongagonga mfupa kila tunapogeuka. Hivyo vijino ndivyo vilivyomfurahisha mwanafunzi wangu kuliko kitu kingine chochote, na nakiri kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimevisahau.

Ugwe wenyewe, ukishavuliwa tando, ni laini kama parachichi lililoiva kupita kiasi. Tuliukata kwa wembe tukaona sehemu ya kijivu katikati, yenye umbo la kipepeo, ikizungukwa na nyeupe, kinyume cha ubongo ambao kijivu chake kiko juu. Habari za hisia huingilia mgongoni, amri za kwenda kwenye misuli hutokea mbele. Hayo alikuwa akiyajua.

Jambo ambalo shingo ya mbuzi haiwezi kulifundisha ni urefu, na kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote. Ugwe wa mwanamume mzima una takriban sentimita 45, wa mwanamke pungufu kidogo, nao haufiki mwisho wa safu ya mifupa. Kijusi cha miezi mitatu kina ugwe unaojaza mfereji wote. Kisha mifupa hukua haraka kuliko ugwe, hivyo mtoto anapozaliwa ncha ya ugwe iko karibu na pingili ya tatu ya kiuno, na kwa mtu mzima kwa kawaida imebaki kati ya ya kwanza na ya pili. Mizizi ya neva, ambayo inapaswa kutokea kwenye matundu yake ya zamani huko chini, hulazimika kurefuka na kuteremka ikiwa shada, nao wataalamu wa kale wakaliita mkia wa farasi. Mfuko wa dura huendelea na safari hadi pingili ya pili ya sakramu, mfupa ulio chini ya kiuno. Kwa hiyo kuna eneo lenye maji na mizizi inayoelea lakini lisilo na ugwe hata kidogo, na sindano yetu huingia humo, kati ya pingili ya tatu na ya nne ya kiuno au kati ya ya nne na ya tano. Mizizi husogea kando kama tambi katika mchuzi unapoingiza uma.

Katika miaka yangu ya mwanzo, mama akiniuliza kama atapooza, nilimjibu "usiwe na wasiwasi, mama", jibu ambalo sasa naliona kuwa la uvivu. Siku hizi huchora nyuma ya karatasi: hapa ugwe umekoma, hapa ndipo nitakapopita. Humweleza pia yanayoweza kumpata kweli, yaani shinikizo la damu kushuka na, kwa baadhi, kichwa kuuma kwa siku kadhaa kwa sababu ya maji kuvuja kwenye tundu la dura. August Bier, daktari mpasuaji Mjerumani aliyekuwa akiijaribu ganzi hii, aliyapata maumivu hayo ya kichwa mwilini mwake huko Kiel, Ujerumani, mwaka 1898, alipojitolea kuchomwa na msaidizi wake Hildebrandt, bomba likakataa kuingiana na sindano na maji yakamwagika. Wakabadilishana nafasi, Hildebrandt akafa ganzi miguu kiasi cha kupigwa nyundo kwenye muundi bila kulalamika, na baadaye wote wawili wakaumwa vichwa. Sindano zetu leo ni nyembamba zaidi.

Kuhusu watoto wanaotolewa maji kwa ajili ya kupima homa ya uti, bibi mmoja aliwahi kuniambia kwamba mjukuu wake akitolewa maji hayo yatakwisha. Mwili wa mtu mzima una takriban mililita 150 za maji haya na hutengeneza karibu 500 kwa siku, yaani zaidi ya 20 kila saa. Mtoto ana machache zaidi, lakini naye hutengeneza mengine mchana na usiku, na kinachochukuliwa kwa kipimo ni matone tu.

Ilipofika saa kumi jioni shingo ilikuwa imeingia sufuriani, vipande vipande, kama muuza nyama alivyotaka tangu mwanzo. Nikakaa kwenye kigoda, nikainama kama wanavyoinama wagonjwa wangu, nikamwambia ashike kilele cha mifupa ya nyonga pande zote mbili na kukutanisha vidole gumba katikati ya mgongo.

"Hapa, shangazi?"

"Hapo ni ya nne. Sasa nitafutie shimo lililo juu yake."