Kutoka Songwe hadi Neisse

Mimi mtoto wa Kyela jamani, nimekulia jirani na mto Songwe, ng'ambo ni Malawi kwa ndugu zetu Wangonde, lugha ile ile karibu kabisa na misiba tunazikana. Mpaka ule walikubaliana Wajerumani na Waingereza mwaka 1890, wenyeji hakuulizwa hata mmoja. Sasa ona maisha, leo naishi Görlitz huku mashariki kabisa mwa Ujerumani, nikifungua dirisha naona mto Neisse na ng'ambo yake ni Poland, mji unaitwa Zgorzelec.

Huu ulikuwa mji mmoja!! Mei 1945 vita inaisha, jeshi la Wajerumani wenyewe likalipua madaraja, halafu wakubwa walioshinda wakaamua mto ndo uwe mpaka. Wajerumani wa ng'ambo wakaondolewa, wakaletwa Wapolandi ambao wengi nao walikuwa wametolewa kwao mashariki, baadae wakaja wakimbizi wa Kigiriki kwa maelfu. Kuna bibi jirani yangu alizaliwa ng'ambo, siku moja alininyooshea kidole paa la nyumba yao, linaonekana kabisa, nikakosa cha kusema nikamshika mkono tu.

Daraja la mji mkongwe lilirudi 2004, na Desemba 2007 Poland ikaingia Schengen, yale makubaliano ya nchi za Ulaya ya kuondoa ukaguzi mipakani, ndo ikawa unavuka tu kwa mguu dakika mbili, huku yuro kule zloti, mi Jumamosi naenda kununua mboga na nyama kule. Ila corona 2020 waliweka uzio pale darajani, watu wakawa wanaongea na wachumba wao wameshika waya, na miaka hii ukaguzi umerudi tena, Wajerumani 2023, Wapolandi nao 2025. Kwa hiyo ndugu yangu unayekuja, usivuke bila paspoti na kadi ya ukaazi hata kama unaenda kununua mkate. Mimi niliacha pochi nyumbani siku moja, nikasimamishwa kwenye baridi nusu saa nzima na wenzangu weupe wanapita tu, iliniuma sana.

Nilimsimulia yule bibi habari za Songwe, kwamba mvua ikizidi mto unahama njia, unaamka shamba lako liko Malawi. Akanyamaza muda mrefu, akauliza sasa nyie mnafanyaje.

Nikamwambia tunavuka bibi, tunaenda kulima.