Mioyo Isiyojua Upande

Jioni ile Profesa aliniwekea kando ya hadubini sahani mbili za viinitete vya samaki pundamilia, vyote vikiwa na umri wa saa 30 hivi tangu mayai kurutubishwa. Kazi yangu ilikuwa kuangalia moyo wa kila kimoja umeelekea wapi. Samaki hawa wakiwa wachanga miili yao hupitisha mwanga, kwa hiyo moyo unauona waziwazi ukipiga.

Sahani ya kwanza niliimaliza upesi: kushoto, kushoto, kushoto, isipokuwa wachache mno.

Vile vya sahani ya pili vilidungwa kizuizi vikiwa bado vichanga kabisa, visiweze kutengeneza dainini ya aina moja. Dainini ni protini ya mwendo. Ndani ya silia, vile vinyweleo vya seli, hujishikiza kwenye mikrotubuli, yaani kijibomba cha protini, na kuisukuma ya jirani kwa nguvu ya ATP, molekuli inayoipa seli nishati, na katika kusukumana huko unyweleo hupinda na kuzunguka. Karibu na mkia wa kiinitete kuna kifuko cha Kupffer, kinachodumu saa chache tu. Silia zake huzungusha majimaji yaliyomo, na mkondo huo ndio unaokijulisha kiinitete kushoto kwake ni wapi.

Nikaanza kuandika. Kushoto. Kulia. Kulia. Katikati. Kushoto. Kulia.

"Unaona utaratibu wowote?" Profesa akauliza.

"Sioni, Profesa."

"Haupo."

Jibu hilo lilinishika. Dainini ikikosekana, moyo haugeuzwi kwenda kulia, unaachiwa bahati. Nilikwisha kusoma habari za Björn Afzelius, ambaye mwaka 1976 alionyesha kuwa watu wenye silia zisizosogea hukosa mikono ya dainini, yaani dainini zinazochomoza kwenye mikrotubuli, na nilijua karibu nusu tu ya wagonjwa hao ndio huzaliwa na moyo upande wa kulia. Nilijua pia panya wa maabara ya Nobutaka Hirokawa huko Tokyo, mwaka 1998: walipokosa kinesini, protini nyingine ya mwendo, ya kupandisha vifaa vya kujengea silia, silia hazikuota, na mioyo ikaenda kokote. Lakini ile nusu niliyoizoea vitabuni sasa nilikuwa naitazama ikipiga, moyo mmoja baada ya mwingine, na sikutaka kuinuka.

Kabla hatujafunga maabara nilimwomba anipe viinitete vichanga zaidi kesho yake, nikitazame kifuko chenyewe kabla hakijatoweka.