Sensa ya tanki imenishindisha juani jana
Jamani jana nimeshinda juu ya tanki la maji kiwandani huku Tanga, jua linawaka, kisa sensa ya ultrasoniki, yaani kifaa kinachopima kina cha maji kwa mwangwi wa sauti. Tanki liko nusu, skrini inasema limejaa pomoni, pampu inazima yenyewe, mtu wa zamu anapiga simu kila baada ya dakika 5.

Napanda ngazi nakuta waliofunga mwanzo wameiweka jirani kabisa na bomba la kuingizia maji, na braketi (kile chuma kinachoishikilia) imelalia upande wa ukuta. Sasa hii kitu inafanya kazi kama popo, inatuma sauti ambayo sisi hatuisikii inasubiri mwangwi urudi, inahesabu umbali kwa muda uliotumika, na sauti inatoka imetanuka kama koni, kwa hiyo ikigonga maji yanayomwagika au ukuta inadhani ndo uso wa maji. Nikaihamisha, nikaweka pimamaji (kile kifaa cha fundi cha kuangalia usawa) juu yake nikakaza nati kidogokidogo mpaka kipovu kikatulia katikati.

Kitu watu wanadharau ni joto. Kwenye nyuzi 20 sauti hewani inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, kila nyuzi ikipanda inaongeza kama 0.6. Sensa yenye kipimajoto ndani inajirekebisha, ila ikipigwa na jua lenyewe inadanganyika, nikaikatia kipande cha bati kuitilia kivuli.

Jioni nikashusha kamba yenye uzito kulinganisha vipimo, kamba mita 2.31, skrini 2.30. Nilishangilia peke yangu kule juu aisee.