Katuni ya gazeti Dar: anza na maneno

Wachora katuni chipukizi wa Dar wengi huharibu kazi kwenye kiputo, yaani duara lenye maneno ya mhusika, si kwenye sura. Kiswahili kina maneno marefu: "wametuongezea" peke yake hula nusu ya kiputo. Kwa hiyo andika maneno kwanza, kwa penseli, kisha chora kiputo kuyazunguka. Ukichora mtu kwanza, utaishia kubana herufi hadi zisisomeke. Neno likilazimu kukatwa, likate kwenye silabi: wametu-ongezea, kamwe si wamet-uongezea. Maneno kumi na tano yanatosha. Yakizidi, hiyo ni tahariri yenye picha.

Karatasi ya gazeti hunywa wino. Mistari iliyosongamana kivulini huvimba ikagusana, na koti la mheshimiwa linageuka doa jeusi. Acha nafasi kati ya mstari na mstari. Chora kwa ukubwa mara mbili ya utakaochapwa, skani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), kisha punguza na uchape nakala ya ukubwa halisi kabla ya kutuma. Nyeusi iwe ya wino mweusi pekee. Ukichanganya rangi zote nne za uchapaji, sahani za mtambo zikisogea kidogo tu herufi zinapata kivuli.

Mtazame kipanya, mhusika wa mchora katuni Masoud Kipanya: mistari michache, na hata akichapwa mdogo unamtambua. Gado, mchora katuni mzaliwa wa Dar aliyehamia Nairobi mwaka 1992, hujaza fremu zaidi, lakini jicho halipotei. Kujaza hivyo kunataka mkono uliokomaa.