Siku ya kushuka Antaktika kazi huanzia kwenye buti

Kiongozi wa msafara akitangaza kwamba mashua zinashushwa, wageni hukimbilia kamera, wazoefu hukimbilia choo. Kwenye Rasi ya Antaktika hakuna kujisaidia ufukweni wala kula, hata biskuti, na kuanzia foleni ya kuvaa mpaka kurudi melini, muda wa saa tatu hukatika hivi hivi.

Fulana ya pamba iache kabatini, maana hunyonya jasho na haikauki. Vaa sufu mwilini, sweta juu yake, kisha jaketi na suruali zisizopitisha maji. Suruali hiyo ishuke nje ya buti. Ukiichomeka ndani, wimbi moja tu la ufukweni linakujazia buti. Soksi nene jozi moja inatosha. Jozi mbili zikibana, damu haitembei na vidole hufa ganzi. Zipu ibaki wazi hadi zamu yako ifike, kwani wengi wanaotetemeka mashuani walilowa jasho wakiwa bado kwenye foleni.

Kagua velkro za mikono na mfukoni kwa kibano. Mbegu moja ya nyasi iliyonasa humo inatosha kuleta mmea mgeni. Buti husuguliwa kwa brashi na kuchovywa kwenye dawa, kwenda na kurudi. Tangu mafua ya ndege ya H5N1 yaonekane kwenye kisiwa cha South Georgia Oktoba 2023, masharti yamekazwa: usiketi, usipige magoti, wala usiweke begi chini.

Mashua ya mpira hubeba watu kama 10. Begi mgongoni, mikono mitupu. Baharia hushikwa kigasha kwa kigasha, kwa sababu viganja vyenye glavu huteleza. Kanyaga mpira wa pembeni, kisha sakafu, ukae papo hapo.

Kanuni za IAATO, chama cha kimataifa cha kampuni za utalii wa Antaktika, haziruhusu abiria zaidi ya 100 ufukweni kwa wakati mmoja. Kaa angalau mita 5 kutoka kwa pengwini, na 15 kutoka kwa sili wa manyoya, ambaye hukimbia kuliko umbo lake linavyoonyesha. Pengwini wana vijia vyao vilivyochimbika kwenye theluji, wapishe. Mguu wako ukizama hadi goti, rudi ufukie shimo. Pengwini akitumbukia humo hana namna ya kupanda.

Kati ya siwa za barafu, yaani vilima vya barafu vinavyoelea baharini, zima mazungumzo usikilize. Vipande vidogo hutoa mlio kama mafuta ya moto kikaangoni: ni hewa ya kale iliyobanwa, inapasuka barafu ikiyeyuka. Raha hiyo isikusogeze karibu na siwa kubwa. Karibu sehemu tisa kwa kumi zimo majini, huliwa polepole chini, uzito ukihama siwa hupinduka bila kuaga. Vipande vilivyosongamana navyo huharibu pangaboi, na upepo ukigeuka hufunga njia ya kutokea. Nahodha akiahirisha safari, msimlaumu.

Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, baridi huinyong'onyeza. Kabla ya kuingia melini, funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki na uiache humo hadi ipate joto la chumba. Ukiitoa mapema, umande hujikusanya hadi ndani ya lenzi.